Kufufua jumba la zamani la sinema Bukavu: maji kwanza, picha baadaye

Jumba la sinema la enzi za Wabelgiji lina vitu vitatu ambavyo leo ni ghali mno kuvijenga upya: kuta nene za matofali ya kuchoma, sakafu inayoteremka kuelekea jukwaani, na chumba cha mashine kilichoinuliwa nyuma ya watazamaji. Kazi yote ni kuvilinda hivyo vitatu. Kamati nyingi huanza kununua projekta na viti, paa bado linavuja. Hapo pesa inaliwa na maji.

Kabla ya fundi kugusa kitu, hakikisheni jumba ni la nani. Rais Mobutu alitangaza tarehe 30 Novemba 1973 kwamba biashara za wageni zipewe raia, na tangu hapo majengo mengi yamepita mikono kadhaa, mengine bila karatasi iliyo wazi. Ombeni sertifika ya umiliki kwenye ofisi ya hati za ardhi na majumba, kisha mkataba wenu wa kupanga uwe wa miaka ya kutosha kurudisha gharama. Ukarabati mkubwa kwa mkataba wa miaka 2 ni zawadi kwa mwenye jumba.

Paa lifanywe wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti. Panda juu ya dari asubuhi, funga milango, tafuta matundu ya mwanga na uyatie alama ya chaki. Kisha dunga kila kenchi kwa bisibisi, hasa pale inapokalia ukuta, kwa sababu hapo ndipo unyevu hukaa na mchwa huanzia. Ncha ikizama zaidi ya sentimita 1, kipande hicho kikatwe na kubadilishwa. Tumia mbao ya libuyu iliyokauka. Mkaratusi mbichi hujipinda na kuvuta manjanja, yaani mabati ya paa, pamoja nao.

Dari au paa la eterniti la miaka ya 1950 lichukulieni kuwa lina amianti (asbesto), ambayo vumbi lake huleta saratani miaka mingi baadaye. Usilikate, usilitoboe, usilivunje kwa nyundo. Lilowesheni kwa maji yenye sabuni kidogo, fungueni skrubu, shusheni bati zima zima, lifungeni kwa plastiki nzito mara mbili. Wafanyakazi wavae maski za FFP3, zinazochuja vumbi laini. Kitambaa hakizuii kitu. Kinyesi cha popo nacho kiloweshwe kabla ya kukizoa, maana vumbi lake hubeba kuvu inayoshambulia mapafu.

Manjanja mapya yawe BG 28, yaani unene wa geji 28. Yale ya BG 32 ni mepesi, upepo wa ziwa huyang'oa. Skrubu yenye mpira ipigwe kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde linalopitisha maji, na mabati yapandane sentimita 20 kwa urefu.

Sasa piga hesabu. Paa la mita 20 kwa 15 ni mita za mraba 300; mvua ya milimita 40 inaliangushia lita 12,000. Kwenye miteremko ya Bukavu, maji hayo yakiachwa yamwagike chini ya ukuta, yatachimba msingi wenu au wa jirani wa chini. Mifereji ya paa iwe na upana wa sentimita 15, iteremke nusu sentimita kwa kila mita, na bomba la milimita 110 liwekwe kila baada ya mita 8 hadi 10. Chini, mfereji wa mawe upeleke maji mpaka kwenye mtaro wa barabara. Fundi akisema mtaro utafuata mwaka ujao, mkatalieni.

Nyufa zichunguzwe kwa subira. Tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, la ukubwa wa 5.9, liliharibu majengo mengi ya mji huu, na nyufa zake zimefichwa chini ya rangi. Bandika jasi sentimita 10 juu ya ufa, andika tarehe, ngoja miezi 3. Jasi ikipasuka, ukuta bado unatembea: iteni mhandisi, msizibe. Ikibaki nzima, shoneni ufa kwa nondo za milimita 8 kila mstari wa 4 wa matofali, zikiingia sentimita 50 kila upande.

Plasta isiwe ya saruji tupu. Hiyo hufungia unyevu ndani, na baada ya misimu miwili ya mvua inabanduka na uso wa tofali. Changanya saruji 1, chokaa 2, mchanga uliooshwa 9, kisha ukuta unyunyiziwe maji siku 7.

Mtashawishiwa kusawazisha sakafu ili jumba likodishwe kwa harusi na ibada. Msikubali; mtazamaji wa nyuma ataona visogo tu. Tengenezeni jukwaa la vipande theluthi ya mbele: mbao za sentimita 5 kwa 10 kila sentimita 40, juu plaiwudi ya milimita 18, na miguu inayofuata mteremko. Asubuhi ya harusi linapangwa, jioni linatolewa. Njia kati ya viti iwe mita 1.2, milango isipungue miwili, yote ifunguke kwa nje.

Waya za zamani ziondolewe zote, hata zinazofanya kazi bado. Wekeni milimita za mraba 1.5 kwa taa, 2.5 kwa soketi, na disjonkta ya miliamperi 30, swichi inayokata umeme ukivuja. Projekta, sauti na taa za LED hutumia takriban wati 1,100, yaani kWh 3.3 kwa saa 3. Betri ya litiamu ya kWh 5 inabeba onyesho zima SNEL, shirika la umeme la Congo, ikikata umeme, bila kelele za grupu (jenereta).

Kwa picha ya upana wa mita 6, nunueni projekta ya mwanga wa lumeni 5,000 au zaidi. Gawanya umbali wa projekta hadi skrini kwa upana wa picha: kutoka chumba cha mashine, mita 20, mnahitaji lenzi ya 3.3, ambayo ni ghali. Lenzi ya kawaida ya 1.5 inataka mita 9, hivyo tundikeni projekta darini katikati ya ukumbi. Mwangwi upunguzwe kwa mapazia mazito ya pamba yaliyoachana na ukuta sentimita 10. Godoro la sponji lisitumike, linawaka haraka na moshi wake ni sumu.

Mkikuta mikanda ya filamu ya milimita 35, msiitupe wala kuvuta sigara karibu. Iliyoandikwa SAFETY ukingoni kwa kawaida ni asetati, plastiki isiyoshika moto kwa urahisi. Ikinuka siki imeanza kuoza, itengwe na mingine. Isiyo na maandishi hayo huenda ni ya nitrati, inayowaka hata ndani ya maji: iacheni ndani ya mikebe yake, mahali penye baridi na hewa, mpaka mtaalamu wa hifadhi ya filamu aione.