SOMO: Kupanga safari ya miji mitano ya Ulaya kwa treni, hatua kwa hatua

Wakuu, habari za leo. Tangu turudi safari yetu ya mwezi wa tano, swali ni lile lile kila siku: mlipangaje? Basi naandika mara moja yaishe. Mfano wangu ni njia tuliyopita mimi na mke wangu: Amsterdam (Uholanzi), Paris (Ufaransa), Luzern (Uswisi), kisha Firenze na Roma (Italia). Usiku 14.

Hatua ya 1: Hesabu usiku, usihesabu miji

Hapa ndipo wengi tunapoharibu. Orodha yangu ya kwanza ilikuwa na miji tisa. Mke wangu akaisoma, akauliza, "Na kulala tunalala lini?"

Siku ya kuhama mji, nusu yake imekwenda. Unafunga mabegi, unarudisha chumba saa nne au saa tano asubuhi, unakwenda stesheni, unasafiri, unaitafuta hoteli mpya, na huko chumba hupewi mpaka saa tisa alasiri. Treni ya masaa matatu inakula masaa sita au saba ya siku yako. Tukakata miji minne, na Venezia ilikatwa kwa ugomvi. Ikabaki hivi: Amsterdam usiku 2, Paris 4, Luzern 2, Firenze 2, Roma 4.

Kisha ipange miji kwenye mstari mmoja usiorudi nyuma. Wetu ulishuka kutoka kaskazini kwenda kusini. Ndege nayo ifuate mstari huo huo: tulishukia Amsterdam, tukapandia Roma. Wakala wa tiketi ukimwambia tu "kwenda na kurudi" atakukatia ya kurudia Amsterdam, na hapo umejifunga.

Hatua ya 2: Viza kabla ya tiketi yoyote ya treni

Uholanzi, Ufaransa, Uswisi na Italia zote zinaingilika kwa viza moja ya Schengen, yaani lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza ya pamoja. Uswisi haimo kwenye Umoja wa Ulaya, ila Schengen imo.

Maombi yanapelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, wala si ile utakayoshukia. Sisi tulishukia Uholanzi, Paris tukalala siku nne, lakini Firenze na Roma zikijumlishwa ni usiku sita. Kwa hiyo tuliomba Italia. Siku zikilingana, ndipo nchi ya kuingilia inapohesabiwa. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari iwe na kinga isiyopungua euro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, mwisho siku 15. Hizo siku 15 zisikudanganye, maana ubalozi una ruhusa ya kukaa na maombi yako hadi siku 45 kabla ya kujibu. Hoteli weka zile zinazokubali kughairi bure.

Hatua ya 3: Tiketi za treni

Treni za kasi za Ufaransa na Italia bei yake inapanda kadiri siku inavyokaribia, kama ndege tu. Nyingi huanza kuuzwa miezi mitatu au minne kabla. Zile za bei ya chini kabisa mara nyingi hazirudishwi pesa, ndiyo maana nimesema viza kwanza.

Ratiba naangalia kwenye DB Navigator, programu ya shirika la reli la Ujerumani, kwa sababu inaonyesha treni za nchi nyingi kwa pamoja. Kununua nanunua kwenye tovuti ya wenye treni. Mwendo wetu ulikuwa hivi: Amsterdam hadi Paris masaa matatu na dakika ishirini. Paris hadi Basel masaa matatu, unabadilisha, saa moja tena hadi Luzern. Luzern hadi Milano masaa matatu na kidogo, ukipita ndani ya handaki la Gotthard la kilomita 57, lililofunguliwa 2016 (ukilala unalikosa, na ukiwa macho ni giza tu, kwa hiyo lala). Milano hadi Firenze kama masaa mawili. Firenze hadi Roma saa moja na nusu.

Soma jina la stesheni, si la mji peke yake. Kutoka Amsterdam unashukia Paris Gare du Nord, lakini treni ya Basel inaondokea Gare de Lyon. Na jamani, saa! Tiketi ikiandikwa 07:14 ni saa moja na dakika kumi na nne asubuhi. Niliziandika zote upya kwa saa zetu kwenye karatasi moja.

Hatua ya 4: Siku za makumbusho kufungwa

Louvre, makumbusho ya sanaa ya Paris, hufungwa Jumanne. Uffizi, makumbusho ya sanaa ya Firenze, hufungwa Jumatatu. Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa ya mwisho wa mwezi. Nyumba ya Anne Frank kule Amsterdam (alimojificha yule msichana wa Kiyahudi wakati wa Wanazi) tiketi ni za mtandaoni tu, hutolewa kila Jumanne kwa ziara za wiki sita mbele. Zipange siku zako kwa hizo kwanza.

Hatua ya 5: Siku yenyewe

Tofauti na SGR yetu, treni nyingi za huko hazina ukaguzi wa mizigo wala kuwahi sana. Unaingia stesheni, unatazama ubao, unakwenda jukwaani. Ila usipande behewa lolote tu. Safari ya nyuma tulitoka Berlin kwenda Köln, tiketi inasema behewa la 27, sisi tukaona la 37 lina viti vitupu tukakaa. Tulipofika Hamm treni ikakatwa vipande viwili. Nusu ikashika njia ya Köln, nusu yetu ikaenda Düsseldorf. Kosa letu, na tangazo lilitolewa mara mbili kwa Kijerumani.

MASWALI

*Mkuu, kwa nini hukuchukua pasi ya treni, ile tiketi moja ya kupandia treni za nchi nyingi?*

Sisi tunaoishi nje ya Ulaya pasi yetu ni Eurail. Ndugu wanaoishi huko wanachukua Interrail. Inakubalika nchi 33. Lakini treni za kasi za Ufaransa na Italia unalipia kiti juu ya pasi, na Eurostar (ile treni ya Amsterdam hadi Paris) viti vya wenye pasi ni vya kuhesabu. Kwa safari tano zilizojulikana mapema, tiketi moja moja zilitoka nafuu. Kama unataka kuamka na kuamua leo niende wapi, hasa Ujerumani, Austria na Uswisi, chukua pasi.

*Kutoka Paris naweza kuruka London siku mbili nikarudi?*

Treni ni masaa mawili na robo tu, tatizo ni makaratasi. Uingereza inataka viza yake. Tena ukivuka umetoka Schengen, kwa hiyo viza yako iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo Paris huirudii.

*Nina watoto wa miaka 6 na 9.*

Dada, hapo pasi ipigie hesabu upya. Walio chini ya miaka 12 wanapewa pasi bure wakiwa na mtu mzima. Ada ya viti unawalipia.

*Treni ya usiku si inaokoa hoteli?*

Inaokoa ukikata kiti, na asubuhi shingo itakudai. Kitanda bei yake inakaribia ya hoteli.

*Mabegi mangapi?*

Moja kila mtu, na liwe unaloweza kulipandisha mwenyewe kwenye ngazi za behewa. Tulianza na mawili. Firenze yakawa matatu, na hilo la tatu nililibeba mimi.