Namna ya kumpendekezea mwenzio hadithi za mashabiki wa Star Trek naye akazisoma

Pendekezo la hadithi ya mashabiki, yaani iliyotungwa na mpenzi wa Star Trek, tamthilia na filamu za safari za anga za juu, hupimwa kwa jambo moja tu: mwenzio kaifikisha mwisho au kaiacha njiani. Linki ishirini zilizorushwa kwa mkupuo kwenye kundi la WhatsApp hazisomwi na mtu. Tuma tatu, na kila moja iwe na maelezo yake.

Anza na anachokijua msomaji. Kijana wa Ngamiani aliyeona filamu mpya pekee hawezi kufuata hadithi iliyojengwa juu ya tamthilia ya kwanza, ile ya 1966 hadi 1969 yenye vipindi 79. Kwa hiyo mstari wa kwanza useme mtu awe ameshatazama nini: "Inatosha ukimjua Spock", au "Tazama kwanza kipindi kinachofungua msimu wa pili, Spock anaporudi kwao, sayari ya Vulcan." Mapendekezo mengi hufia hapa. Msomaji akigongana na majina asiyoyajua ukurasa wa kwanza hakuulizi. Anafunga simu, basi.

Halafu urefu. Kwenye Archive of Our Own, maktaba ya bure ya mtandaoni iliyofunguliwa mwaka 2009, kila hadithi huonyesha idadi ya maneno na sura. 12/12 imekwisha, 12/? maana yake mwandishi hajasema itaishia wapi, na kama sura ya mwisho iliwekwa miaka mitatu nyuma, mtahadharishe msomaji mapema. Yageuze maneno kuwa muda. Kwa kasi ya maneno 200 kwa dakika, maneno 6,000 ni nusu saa: aliyepanda basi Tanga mjini anaimaliza kabla ya kushuka Muheza. Maneno 120,000 ni saa kumi, na huo si mzigo wa kumtwika mgeni. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, hivyo taja kama Kiingereza chake ni chepesi au kizito. Asiyekizoea huenda akahitaji muda maradufu.

Wingi wa pongezi (kudos) ambazo wasomaji huibonyezea hadithi usikuongoze. Hadithi kongwe imezikusanya kwa miaka, na ya nahodha Kirk na Spock huzipata kwa urahisi kuliko ya Uhura, afisa wa mawasiliano, hata kama hii ya pili imeandikwa kwa ufundi zaidi. Isome mwenyewe hadi tamati, kwa sababu sura tatu tamu hazidhamini ya ishirini.

Maonyo usiyaruke, hasa kama kundini mna wadogo. Tazama daraja la umri na maonyo ya ukatili au kifo cha mhusika mkuu. Palipoandikwa kuwa mwandishi hakutaka kutumia maonyo, usidhani hadithi ni safi: amechagua kunyamaza, na lolote laweza kuwamo.

Maelezo yenyewe yawe mafupi, mfano huu:

"Maneno 6,000, imekwisha, Kiingereza chepesi. Daktari McCoy na Spock wamekwama kwenye chombo kidogo kilichobakiwa na hewa ya saa nne. Mmoja akilala, hewa itatosha, na hakuna anayekubali kulala. Mabishano yao ndiyo uhondo. Kuna damu kidogo, hakuna mapenzi."

Limetajwa tatizo, likaachwa hapo hapo. Ukiongeza nani alilala, umemlia mwenzio nyama umemwachia mchuzi. Na "nzuri sana, lazima usome" haimwambii mtu kitu.

Kabla ya kutuma, ikague linki. Ukiinakili ukiwa katikati ya kusoma hubeba neno "chapters" na namba ya sura, na msomaji ataangukia sura ya tisa. Futa kuanzia neno hilo, ibaki namba inayofuata "works". Kisha ifungue bila kuingia kwenye akaunti yako. Yenye alama ya kufuli haifunguki kwa asiye na akaunti.

Mwenye bando dogo mwelekeze kitufe cha Download, achague EPUB. Maandishi yake hujipanga kulingana na kioo cha simu, wakati PDF humlazimu kukuza na kuburuta kila mstari. Faili usilisambaze wewe: apitie kwa mwandishi mwenyewe, apate na pa kumwachia neno la shukrani.

Siku mbili tatu baadaye muulize amefika wapi. Kama amekwama sura ya pili, ulizia jina au tukio lililomkwaza, urekebishe mstari wako wa kwanza kabla hujamtumia mwingine.