Mtoto anayekataa kuachwa shuleni

Nafundisha darasa la pili. Kila Jumatatu, hasa ya kwanza baada ya likizo, mimi ndiye ninayempokea yule aliyeng'ang'ania nguo ya mama yake. Watu hudhani hayo ni mambo ya chekechea. Hata wa miaka minane wanayo, ila wao huanza na tumbo: asubuhi ya shule linauma, Jumamosi limepona. Usimwite mwongo, hofu huuma tumbo kweli. Mpeleke akapimwe, akionekana mzima, aende shule.

Muulize anachoogopa, tena jioni mkiwa mmetulia, si mlangoni kwangu. Mara nyingi wala si shule. Anaogopa wewe usije ukapatwa na jambo akiwa mbali, hasa kama kuna msiba, ugonjwa au kuhama karibuni. Akikwambia kuna mwenzake anayempiga chooni, hilo ni jingine kabisa. Njoo tuongee siku hiyohiyo.

Kazi yenyewe iko kwenye kuagana. Baba mmoja humfunga mwanawe kifungo cha juu cha shati, anamwambia, "Kengele ya mwisho ikilia, nipo kwenye benchi," halafu huyoo. Kila siku ni hivyohivyo. Mtoto analia, nampa madaftari agawe, na hajafika safu ya tatu machozi yamekauka. Wanaonipa shida ni wazazi wa kuchungulia dirishani, maana kila kichwa kikitokeza kilio kinaanza upya. Kutoroka kimyakimya ndiko kubaya zaidi: kesho hakuachii mkono. Na ukishasema benchi, uwe kwenye benchi.

Swali la "Utakuja kweli?" lijibu mara moja tu. Akirudia, mwambie, "Nilikujibuje?" Ukilijibu mara kumi, umemfundisha kuuliza.

Kumbakisha nyumbani kunamtuliza leo na kuikuza hofu ya kesho. Ikibidi abaki, asione televisheni wala simu. Aliyekwisha kaa nyumbani siku nyingi tunamrudisha taratibu: anaanza na vipindi viwili, kisha hadi mapumziko, kisha siku nzima. Nyumbani nako mzoeze kubaki na shangazi au bibi, dakika kumi, baadaye saa nzima. Kama halali bila wewe, kaa kitini kando ya kitanda, na kila baada ya siku chache kisogeze kuelekea mlangoni. Atalalamika. Kiti kisirudi nyuma.

Zikipita wiki nne na bado hakwendeki shule, au anaota kila mara kwamba mmetenganishwa, muone mtaalamu wa saikolojia ya watoto. Kuna tiba ya mazungumzo inayomzoesha mtoto kuikabili hofu kidogo kidogo, na huwasaidia wengi. Nenda na orodha ya siku alizokosa shule na maneno aliyosema asubuhi hizo, kama alivyoyasema mwenyewe.