Kufuata ibada ya Shabbat (Sabato) asubuhi bila kupotea kwenye siddur, kitabu cha sala cha Kiyahudi

Kila nikimpeleka mtu sinagogi mara ya kwanza swali ni lile lile, "sasa tuko ukurasa gani?", na wengine huuliza hadi mzee wa benchi la mbele anageuka. Juzi nilimsindikiza dada mmoja anayesomea mambo ya dini chuoni, na yale niliyomwambia kabla ya kwenda nimeona niyaandike hapa, nikiulizwa tena nitume tu linki.

Ninachoeleza ni ibada ya Jumamosi asubuhi kwenye sinagogi ya Orthodox, wale wanaoshika mapokeo ya zamani, kama ile ya Nairobi. Ukienda kwa Abayudaya kule Nabugoye, Mbale, Uganda, ile jumuiya ya Wayahudi iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, utakuta mambo kadhaa yako tofauti, nitayataja njiani. Na ukienda mahali pameandikwa sinagogi halafu watu wanaomba kwa jina la Yesu, hapo ni kanisa la Kimesiya, siyo ninachozungumzia, mwongozo huu hautakusaidia.

Hatua ya 1: Andika kabla hujaenda

Usitokee tu getini. Tuma barua pepe mapema, siku kadhaa kabla ya Ijumaa, useme wewe ni nani, unakuja kwa nini, na uambatanishe kopi ya kitambulisho au pasipoti. Ukiulizwa maswali mengi usikasirike. Hapa Kenya tu Norfolk Hotel ililipuliwa usiku wa mwaka mpya 1980, na hoteli ya Kikambala iliyokuwa ya Waisraeli ikalipuliwa 2002, sasa askari wa getini anajua anachokifanya. London na Paris ni hivyo hivyo. Ukiandika Ijumaa jioni hutajibiwa, Shabbat ikishaingia hakuna mtu anafungua barua pepe.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma herufi, achana na Kiebrania cha kuandikwa kwa herufi za Kizungu

Najua wengi hawatanisikiliza hapa lakini nasema. Zile karatasi zenye maneno ya Kiebrania yaliyoandikwa kwa herufi za Kilatini zimetengenezwa kwa anayesoma Kiingereza, unakuta "ee" na "oo" na "ch" ambayo wala si ch ya chakula, ni kh ya kheri. Mswahili akiisoma kama anavyosoma Kiswahili anaharibu kila kitu. Wakati Kiebrania cha siku hizi kina irabu tano, a e i o u, zile zile zetu! Herufi ni 22, ongeza sura za pili za zile tano zinazobadilika mwisho wa neno, na vile vinukta vya irabu. Aliyepitia madrasa ana afadhali zaidi, anajua kitabu kinafunguliwa kutoka kulia na koo lake lishazoea kh na ayn.

Ukishindwa kabisa, andika mwenyewe kwa tahajia ya Kiswahili yale majibu machache ambayo watu wote wanaitikia kwa sauti, uyakariri. Amen unaijua. Barekhu, ule mwito wa kuanza sala, ikisemwa jibu ni "barukh Adonai hamevorakh leolam vaed". Kwenye Kaddish, sala ya kumtukuza Mungu inayorudi mara kadhaa, jibu kubwa ni "yehe shmeh rabba mevarakh lealam ulealme almaya", hiyo ni Kiaramu. Hayo mawili yatakubeba asubuhi nzima.

Jambo moja la muhimu sana kwa sisi tuliokulia makanisani: zile herufi nne za jina la Mungu, yod he vav he, hazisomwi kama zilivyoandikwa. Kwenye sala zinasomwa Adonai, na ukiwa unafanya mazoezi au unaongea tu sema Hashem. Usiingie mle ndani ukaanza kutaja Yehova au Yahweh, hakuna atakayekufukuza ila masikio yote yatasimama.

Hatua ya 3: Mavazi na vitu

Nguo za heshima, sketi ndefu kwa kina mama, wanaume wafunike kichwa, kippah (vile vikofia vidogo) ziko kwenye kisanduku mlangoni. Tallit, ile shuka yenye vishada, ni ya Wayahudi, mgeni asiivae hata akipewa na mtu asiyemjua. Simu zima kabisa uiache nyumbani ikiwezekana, hakuna picha, hakuna kuandika notisi. Hakuna sadaka inayozungushwa pia, pesa haziguswi siku hiyo.

Wanaume na wanawake wanakaa pande tofauti. Kule Nabugoye wanakaa pamoja, na wanawake wanahesabiwa kwenye minyan, ile idadi ya watu kumi inayotakiwa kwa sala ya pamoja, kwa sababu wako upande wa Conservative, mrengo wa kati wa Uyahudi. Rabi wao Gershom Sizomu alisomea Los Angeles akapata urabi 2008.

Hatua ya 4: Jua steji

Ibada inaweza kuchukua muda wa saa mbili na nusu au tatu. Kosa la wageni wengi ni kutaka kufuata kila neno. Hata wenyewe hawaendi pamoja, kila mtu ananong'ona kwa spidi yake, msomaji anapaza sauti kwenye mstari wa mwisho wa kipande tu ili kila mtu ajue amefika wapi, kisha anazama tena. Ukikimbizana naye utachoka kwa dakika kumi. Fanya kama abiria mwenye akili, usikimbize gari, litangulie usubiri steji inayofuata. Steji zenyewe:

Kwanza kuna zaburi, nyingi (Pesukei Dezimra), humo ndimo ilimo ile ya 145 na zile za mwisho mpaka 150. Watu bado wanaingia muda huu, ukichelewa hapa hujakosa adabu. Halafu Barekhu, watu wanasimama, wanainama kidogo, hapo sala yenyewe imeanza. Halafu Shema, ile "Sikia, Israeli", utaijua kwa sababu watu wanafunika macho kwa mkono wa kulia kwenye mstari wa kwanza. Kwa Orthodox wengi wanabaki wamekaa, Reform, mrengo wa kisasa, husimama, wewe fuata waliokuzunguka. Halafu Amidah, sala kuu inayosaliwa kwa kusimama. Halafu sanduku la Torati linafunguliwa. Halafu Musaf, ambayo ni Amidah nyingine ya ziada ya Shabbat. Halafu Aleinu, sala ya kufungia, tunakaribia kutoka.

Kidokezo: zaburi na Shema zisome usiku wa kabla yake kwenye Biblia yako ya Kiswahili. Shema ni Kumbukumbu la Torati 6:4-9, kisha 11:13-21, kisha Hesabu 15:37-41. Ila kwenye zaburi angalia namba za mistari, Kiebrania kinahesabu kile kichwa cha juu ("Zaburi, wimbo wa siku ya Sabato") kuwa mstari wa 1, kwa hiyo mara nyingi mnapishana kwa mmoja.

Hatua ya 5: Amidah (hapa ndipo watu wanapotelea)

Sasa keti vizuri.

Dalili ya kwamba mmefika ni ukimya. Watu walikuwa wananong'ona, wanaimba, ghafla wote wamesimama, wamerudi nyuma hatua tatu ndogo, wakaenda mbele tatu, miguu wameibana pamoja, na hakuna sauti. Wanaelekea Jerusalem. Ulaya huko wanazungumzia mashariki, lakini kutoka Nairobi Jerusalem iko kaskazini karibu moja kwa moja, kwa hiyo hupishani sana na jirani yako Mwislamu anayeelekea Makka. Ndani ya sinagogi usihangaike na dira, elekea sanduku la Torati.

Sasa ukurasa. Siddur moja ina Amidah zaidi ya moja, ya siku za kawaida, ya Ijumaa usiku, ya Shabbat asubuhi, ya Musaf, ya alasiri, na kila moja iko kurasa zake. Baraka tatu za kwanza na tatu za mwisho karibu ni zile zile kwenye zote. Umeona mtego? Mtu anafungua ya siku za kawaida yenye baraka 19, anasoma vizuri, anajiona amefika, kumbe wenzake wako kwenye ya Shabbat yenye baraka 7, na hawezi kugundua mpaka afike katikati, wakati huo wenzake wanamaliza. Dawa yake ni kuangalia neno la kwanza baada ya zile baraka tatu za mwanzo. Ukiona "Ata honen" uko siku za wiki, ondoka hapo. "Ata kidashta" ni Ijumaa usiku. "Yismah Moshe" ndiyo yenyewe, Shabbat asubuhi. "Tikanta Shabbat" ni Musaf. Kariri maneno hayo hata kama hujui mengine yote.

Mtego wa pili. Ndani ya Amidah, baada ya baraka ya pili, kuna kipande kimechapwa kwenye kivuli au kisanduku, kinaitwa Kedusha. Ukisali kimya unakiruka. Hicho ni cha ile mara ya pili, maana kila mtu akishamaliza kimya, msomaji anaanza upya kwa sauti mwanzo hadi mwisho, na Kedusha inaimbwa na wote wakiwa wamesimama miguu pamoja. Kwenye "kadosh, kadosh, kadosh" utaona watu wanainua visigino mara tatu. Mgeni anaweza kusimama tu. Musaf nayo inarudiwa hivyo hivyo, kwa hiyo ukihisi umeshasikia kitu kile kile mara nne asubuhi moja, hujachanganyikiwa, ni kweli umesikia mara nne. (Ijumaa usiku hakuna kurudia, ndiyo maana mimi huwashauri wanaoanza waje Ijumaa kwanza, ni fupi, kuna nyimbo nyingi, kwenye ubeti wa mwisho wa Lekha Dodi, wimbo wa kuikaribisha Shabbat, wote wanageukia mlangoni. Na huku kwetu ikweta jua linazama karibu muda ule ule mwaka mzima. Kule London Desemba Shabbat inaingia kabla ya saa kumi jioni, Juni inaingia baada ya saa tatu usiku.)

Mtego wa tatu ni siddur yenyewe. Ile ile ya wachapishaji ArtScroll inachapwa kwa mapokeo mawili ya sala, Ashkenaz na Sefard, majalada yanafanana, kurasa hazilingani, na ukitajiwa ukurasa wa 80 unakuta kitu kingine. Kwa hiyo ya kwako iache nyumbani, chukua ya kwenye rafu yao, hata kama yako ni nzuri zaidi. Ya kujifunzia nyumbani mimi nampa kila mtu ArtScroll, kwa sababu imejaa maelekezo madogo madogo, hapa simama, hapa inama, hapa ruka. Ya wachapishaji Koren ina herufi nzuri sana, naipenda, lakini inaweka Kiebrania ukurasa wa kushoto na Kiingereza kulia, wakati nyingine nyingi ni kinyume chake, anayeanza macho yanapotea. Programu za simu hata sizitaji, utaifungua wapi na ni Shabbat? Kama unataka bure kuna tovuti ya Sefaria, kaprinti Alhamisi.

Kuinama: ndani ya baraka zenyewe ni mara nne tu, mwanzo na mwisho wa baraka ya kwanza, na mwanzo na mwisho wa ile ya Modim, ya shukrani. Kunja goti kwenye "barukh", inama kwenye "ata", unyooke kabla ya jina. Siyo sijida, kwa hiyo usipitilize. Mgeni hadaiwi kuinama, kusimama kwa heshima kunatosha. Ila mawili zingatia: usiongee na mtu aliye katikati ya Amidah, hatakujibu hata kwa ishara; na usipite mbele yake, hata kama unataka choo, subiri. Mwishoni anarudi nyuma hatua tatu, anainama kushoto, kulia, katikati. Angalia kabla hujarudi nyuma, usimkanyage wa nyuma yako ambaye bado anasali.

Hatua ya 6: Torati

Raha ya mgeni iko hapa. Torati yote imegawanywa mafungu 54 na inamalizwa kwa mwaka mmoja. Fungu la wiki angalia tovuti ya Hebcal, ulisome kwa Kiswahili kabla, halafu ukifika chukua humash, kitabu cha Torati kilichochapwa, kwenye rafu ufuate sura na mistari. Sanduku likifunguliwa simama. Kitabu kikizungushwa watu wanakigusa kwa kishada cha tallit au kwa ukingo wa siddur na kubusu, wewe ukipenda simama tu ukigeukia kilipo. Wanaitwa watu saba kwa zamu, kisha wa nyongeza anayesoma na manabii. Gabbai, yule anayepanga majina, akikujia kukuuliza kama wewe ni Kohen (wa ukoo wa makuhani) au Levi (wa kabila la Lawi), mwambie wazi "mimi ni mgeni, si Myahudi". Usitabasamu ukakubali kwa aibu, kuitwa kule ni kwa Wayahudi.

Hatua ya 7: Baada ya Adon Olam

Adon Olam ni wimbo wa kumalizia. Mkono, "Shabbat shalom", mnaenda kwenye kiddush, baraka ya mvinyo na vitafunio baada ya ibada. Usije na chakula ulichopika, cha kosher kina masharti yake. Chupa ya mvinyo usiishike kumiminia watu, acha mwenyeji amimine, hilo lina sheria yake kwao na hawapendi kulieleza mbele ya mgeni. Ukiona mtu katoka kunawa mikono kwa kikombe cha mishikio miwili halafu ukimsalimia anakuonyesha kidole usubiri, hajakununia, haongei mpaka ale mkate. Barua ya asante itume usiku, Shabbat ikishatoka.