Kipimo cha kamera ya utumbo mpana: kazi kubwa ni ya nyumbani

Kamera yenyewe humaliza kwa nusu saa hivi. Kinachoharibu kipimo ni utumbo mchafu: kinyama kidogo, yaani polipu, hujificha nyuma ya kinyesi, daktari hakioni, nawe unaambiwa urudi uanze upya. Na kinachotafutwa ni hicho hicho, kwa kuwa polipu huchukua miaka mingi, mara nyingi 10 au zaidi, kugeuka saratani.

Asiye na dalili huanza kupimwa kwenye miaka 45 hadi 50. Kama mzazi au ndugu yako wa damu aliugua saratani hii, uliza mapema, kuanzia 40. Damu chooni ni habari nyingine; usiisingizie bawasiri, nenda hospitali sasa.

Siku tatu kabla, acha dona, maharage, mchicha, kisamvu, mapera na pasheni. Kula wali mweupe, sembe, samaki, mayai. Vidonge vya madini ya chuma husimamishwa wiki moja kabla, maana huacha kinyesi cheusi chenye kunata. Dawa za kisukari na za kuzuia damu kuganda usizikate mwenyewe, muulize daktari.

Siku moja kabla ni vinywaji vyepesi tu: chai ya rangi, maji ya dafu na supu vilivyochujwa. Juisi ya rozela hapana, wekundu wake hudhaniwa damu.

Dawa ya kusafisha utumbo kwa kawaida ni lita 4: mbili jioni, mbili alfajiri, glasi ya mililita 250 kila dakika 15. Ladha yake haizoeleki. Ipoze kwenye friji, tumia mrija. Ukitapika, pumzika nusu saa, endelea polepole.

Wengi huharibu alfajiri. Wanaziruka lita mbili za mwisho wakihofia haja iwakute kwenye foleni ya Mbagala. Lakini usiku utumbo mwembamba humwaga uchafu mpya upande wa kulia, na lita hizo ndizo zinazouondoa. Kama miadi ni Muhimbili saa 4 asubuhi, anza saa 10 alfajiri. Saa 12 umemaliza, na unabaki na muda wa kutulia kabla ya kupanda gari. Kinachotoka kiwe maji ya manjano, kama mkojo. Kikiwa bado cha kahawia, mwambie nesi mara ufikapo.

Nenda na mtu wa kukurudisha. Ukichomwa dawa ya usingizi, usiendeshe gari wala bodaboda hadi kesho yake.