Somo: Mtungi wa gesi ukishika moto, usikimbilie kuuzima

Moto wa gesi jikoni, kwa kawaida, huanzia kwenye mpira au regulata. Mwenye nyumba huona mwali, akachota ndoo ya maji, akamwaga. Mwali ukizimika hupumua, kumbe gesi bado inatoka. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo inatambaa sakafuni mpaka ikute jiko la mkaa la jirani au cheche ya friji. Hapo ndipo watu huungua vibaya, si kwenye ule mwali wa kwanza.

Ndiyo maana askari wa zimamoto hufundishwa kutozima mwali wa gesi kabla ya kupata namna ya kuifunga gesi yenyewe. Mazoezini huenda wawili wawili, maji yamefunguliwa kama mwavuli mbele yao, wakisogea taratibu hadi mkono mmoja uifikie valvu. Nyumbani huna maji ya namna hiyo, lakini mpangilio ni uleule.

1. Toa watu wote, watoto kwanza.

2. Angalia mwali unatokea wapi. Ukiwa kwenye mpira au regulata na mtungi umesimama wima, bado una nafasi. Ukiwa unaulamba mwili wa mtungi, au mtungi umelala, toka. Mtungi uliolala humwaga gesi ikiwa bado ya maji, na lita moja ya maji hayo huwa takriban lita 250 za gesi. Ukichomwa ubavuni, juu pale pasipo na kimiminika, chuma hulegea na mtungi hupasuka.

3. Lowesha taulo la pamba, funika mkono hadi kiwiko, inama, jongea kwa upande ambao mwali haukuelekei. Zungusha valvu kulia hadi mwisho. Mwali utajifia.

4. Ukishindwa, uache uwake. Ondoa vinavyoweza kushika moto kama njia ni salama, toka, piga 114 (kwa Tanzania).

Harufu bila moto? Fungua milango na madirisha, funga mtungi, usiguse swichi yoyote, hata ya kuzima taa. Uvujaji hukaguliwa kwa povu la sabuni. Wapo wanaokagua kwa kiberiti, na hao hatuchelewi kukutana nao.

MASWALI

Afande, mimi natumia mtungi wa kilo 6, jiko limekaa juu yake. Nifunge wapi?

Kitasa cha jiko ndicho cha kufunga. Ila mwali ukitokea chini ya kitasa, pale jiko linapoungana na mtungi, kitasa hakisaidii. Usijaribu kulifungua jiko likiwaka, nenda hatua ya nne. Kila unapobadili mtungi, kagua ule mpira mdogo wa ndani: ukiwa mkavu au una nyufa, badilisha. Ni kitu kidogo, lakini gesi nyingi hupitia hapo.

Shikamoo afande. Kwetu tunakaanga vitumbua na maandazi. Karai la mafuta likiwaka tumwage unga?

Marahaba mama. Unga hapana, nao huwaka. Maji ndiyo usithubutu: yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke ghafla na kuyarusha yakiwaka hadi darini. Zima jiko kama kitasa kinafikika, telezesha mfuniko au sinia juu ya karai kuanzia upande wako, kisha liache hapo hadi lipoe kabisa. Ukifunua mapema hewa inaingia na mafuta yanawaka tena. Na usilibebe kulitoa nje, mafuta yatakumwagikia miguuni.

Nikipiga 114 niseme nini? Mtaa wetu hauna hata kibao.

Taja kata na mtaa, kisha kitu kinachojulikana na wote: msikiti, shule, kituo cha daladala. Sema kinachoungua ni nini na kama kuna mtu ndani. Usikate simu mpaka uambiwe. Halafu mtume kijana asimame barabara kubwa alipokee gari, na wenye bodaboda na magari yaliyoegeshwa kichochoroni wayaondoe sasa hivi, si tukishafika na kuanza kupiga honi.