Chungu kikubwa kinaua okidi: pima mizizi kabla ya kununua

Wiki mbili hizi nimeitwa mara tano hapa Mombasa kuangalia okidi zinazokufa. Mara mbili Nyali, mara moja Bamburi, mara mbili Kisauni. Kote nilipokelewa kwa swali moja: ua hili lina ugonjwa gani? Na kote ugonjwa haukuwa kwenye majani wala kwenye maua. Ulikuwa chungu. Mmea wenye mizizi inayojaa ngumi moja umekalishwa ndani ya chungu cha upana wa sentimita 25 au 30, kimejazwa mchanga na samadi mpaka juu, na chini pana kisahani cha maji.

Mama mmoja wa Kisauni alinieleza vizuri jinsi mambo yanavyokwenda. "Mwanangu, nilipolinunua lilikuwa limebanwa kwenye kikopo, mizizi inachungulia nje. Nikalionea huruma." Siku ya pili akaenda kununua chungu kikubwa kupita vyote alivyovikuta. Baada ya miezi miwili majani yakalegea na kukunjamana kama ngozi, akadhani kiu, akaongeza maji.

Najua huruma hiyo inatoka wapi. Sisi watu wa pwani tumekulia kwenye minazi, miembe na midimu. Mche ukijaza mfuko wake tunauhamisha tuupe nafasi, nao hutushukuru kwa kukua. Kwa mche wa udongo hilo ni sawa kabisa. Lakini okidi nyingi tunazouziwa mjini, yaani falenopsi, dendrobiamu na vanda, si mimea ya udongo. Kwao Asia huishi juu ya miti, mizizi imeshika gamba na kuning'inia hewani. Hata misitu yetu ya pwani inayo ya aina hiyo, Ansellia africana, ile ya maua ya manjano yenye madoa ya kahawia kama chui. (Na tafadhali, hiyo iacheni msituni. Biashara ya okidi za porini inadhibitiwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na ikishang'olewa mtini mara nyingi haifiki mbali.)

Ukiukata mzizi wa okidi utaona kiini chembamba kama uzi, kimezungukwa na ganda nene, jeupe, laini kama sponji. Sponji hiyo hunywa maji kwa dakika chache tu, halafu inataka kukauka na kuvuta hewa. Ndiyo maana mzizi ulio hai huwa wa kijani ukilowa, na mweupe wa fedha ukikauka. Sasa utie mzizi huo mmoja katikati ya chungu cha sentimita 30. Maji uliyomwaga Jumatatu, Ijumaa bado yako palepale katikati, kwa sababu hakuna mizizi ya kuyanywa wala hewa ya kuyakausha, na unyevu wa hewa yetu ya Mombasa hausaidii hata kidogo. Sponji inaoza. Mzizi uliooza haunyonyi, kwa hiyo jani linakunjamana kwa kiu huku chungu kimejaa maji. Mwenye ua anaona jani limekunjamana, anamwaga tena. Hivyo ndivyo zinavyokufa zote, na huwa naumia kuona mtu mwenye bidii ndiye anayeua haraka zaidi.

Basi tupime. Nasema tupime kwa rula, si kwa macho.

Toa mmea kwenye kikopo chake, kung'uta uchafu wote, na ubinye mzizi mmoja mmoja kwa vidole. Ulio mgumu ni mzima hata kama una rangi ya kahawia. Unaobonyea au kuacha uzi mtupu mkononi umekufa. Ukate kwa wembe uliopitishwa motoni. Kisha kusanya mizizi iliyobaki kama unavyoshika mchicha, upime upana wa fungu. Ongeza sentimita 2 kila upande, yaani upana wa kidole gumba. Fungu la sentimita 7 linataka chungu cha sentimita 11. Fungu la sentimita 10 linataka cha 14. Ukikosa kipimo kamili, chukua kidogo, usichukue kikubwa! Okidi yenye mizizi inayomwagika nje ya chungu haijateseka, na huko kwao ndivyo inavyoishi.

Kina nacho ni muhimu, na hapa ndipo wengi wanaopima upana huteleza. Chungu kisizidi kwenda chini kuliko kinavyopanuka juu. Vile virefu kama mtungi vinapendeza sebuleni, lakini theluthi ya chini haikauki.

Dendrobiamu ina hesabu yake. Inatambaa kwa kutoa mashina mapya, kama vimiwa vidogo, kuelekea upande mmoja. Usiipande katikati. Shina kuukuu liegemee ukingo wa chungu, na upande unaochipua uachiwe nafasi ya mashina ya miaka 2, ambayo kwa kawaida ni sentimita 4 hadi 6, si zaidi. Ni ndefu na chungu chake ni kidogo, kwa hiyo itaanguka upepo ukivuma. Ifunge kwenye kijiti na utie vigae vizito chini. Watu huniambia, "Chungu kidogo kinapinduka, ndiyo maana nikaweka kikubwa." Kinachopinduka hutiwa uzito.

Matundu. Chungu cha sentimita 12 kiwe na matundu 5 au 6 chini, kila moja la sentimita 1, na mengine 4 ubavuni karibu na chini. Vyungu tunavyouziwa vina tundu moja tu katikati, na mara nyingine limezibwa. Cha plastiki kitoboe kwa msumari uliochomwa motoni. Cha udongo kitoboe kwa keekee polepole, ukikilowesha maji kisipasuke. Kisahani kiondoe, au weka chungu juu ya vipande vya kigae kiinuke sentimita 3 kutoka kwenye maji.

Kokoto chini ya chungu kikubwa hazikifanyi kuwa kidogo. Nimelieleza hili mara nyingi na bado nalikuta. Ukijaza udongo juu ya kokoto, maji hayakimbilii kwenye kokoto. Yanasimama palepale udongo unapoishia, sasa yakiwa yamepanda karibu zaidi na mizizi. Kama umekipenda mno chungu kikubwa, tia chungu kidogo cha plastiki ndani yake, ukitoe nje kila unapomwagilia, ukirudishe kikiisha kuchuruzika.

Kuhusu udongo au plastiki, kwa hapa kwetu napendelea chungu cha udongo kisichopakwa rangi wala kung'arishwa, kwa sababu hupumua ubavuni na hakipepesuki wakati wa kusi. Kikiwa kipya kiloweke usiku kucha, la sivyo kitanyonya maji ya mmea wiki nzima. Ila wanaomwagilia maji ya kisima chenye chumvi wawe macho: ukoko mweupe unaojitokeza kwenye kuta za chungu ni chumvi, na mizizi iliyoshikamana na kuta hizo huungua ncha. Kinga maji ya mvua. Ukishindwa, tumia plastiki inayopitisha mwanga, ambayo ina faida ya kukuonyesha rangi ya mizizi bila kuifukua. Plastiki nyeusi kwenye baraza linalopigwa na jua la alasiri hupika mizizi. Vyungu vipya vya saruji viacheni, kwani chokaa yake haipatani na okidi. Vanda haihitaji hata chungu: kikapu cha mbao cha sentimita 15 hadi 20, kining'inizwe, kisitiwe kitu ndani, na kimwagiwe kila siku, mara mbili siku za kaskazi kali.

Ndani ya chungu usitie udongo kabisa. Tia vipande vya makaa na makumbi ya nazi vya sentimita 2 hadi 3. Makumbi yana chumvi, kwa hiyo yaloweke saa 24, umwage maji, urudie mara 3. Kwa joto letu makumbi huanza kuwa matope baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, na hapo chungu chenye kipimo sahihi nacho hugeuka kisima. Badilisha makumbi, rudisha mmea kwenye chungu kilekile. Kubadilisha makumbi si sababu ya kuongeza ukubwa wa chungu.

Wakati wa kuhamisha ni pale mizizi mipya inapochomoza na kufikia sentimita 1 hadi 3. Kabla ya hapo mmea hauna cha kujishikiza; ukingoja zaidi utaivunja. Usihamishe ua likiwa limechanua. Usihamishe Aprili na Mei kama okidi zako zinanyeshewa na masika, maana kidonda cha mzizi hakikauki. Kabla ya kupanda, paka unga wa mdalasini mahali ulipokata tu. Ukishapanda, uweke mmea kivulini, na usimwagilie kwa siku 3 hadi 5. Najua mkono utakuwasha. Uzuie.

Baada ya hapo usimwagilie kwa kalenda. Chomeka kijiti cha mshikaki katikati ya chungu, kiache dakika 10, ukichomoe ukipake shavuni. Kikiwa baridi au kimelowa, ngoja kesho. Ikiwa siku ya 5 baada ya kumwagilia bado kinatoka kimelowa, chungu ni kikubwa, na hapana haja ya kuniita.

Chungu kilichokaa mmea uliokufa kioshe, ukiloweke dakika 30 kwenye sehemu 1 ya Jik na sehemu 9 za maji, ukisuuze sana kabla ya kukitumia tena. Mzizi mpya wenye ncha ya kijani ukitokea, kazi imekubali.

Ile okidi ya mama wa Kisauni tuliikata ikabaki na mizizi minne, fungu la sentimita 4. Alitaka kuirudisha kwenye chungu chake kikubwa kwa sababu alikwisha kukilipia. Tukatafuta kikopo cha mtindi cha sentimita 8, nikakitoboa matundu 8 kwa msumari, tukaitia humo na makaa. Kile kikubwa amepanda mrehani, na mrehani umekipenda.